Niko ukurasa wa 84: namna ya kumshirikisha mwenzio kitabu ambacho hujakimaliza

Muulize msomaji wa Kampala anasoma nini siku hizi, atakutajia kitabu alichokimaliza mwaka juzi. Kile kilichomo mkobani mwake saa hii hakitaji. Anaona haya: hajakimaliza, hana hakika nacho, huenda mwisho wake ukaharibika. Mimi naona anakosea. Kitabu hunoga kusimuliwa kikiwa bado kinakuwasha, usiku umekilaza kifudifudi kando ya mto, asubuhi umekibeba tena. Ukishakimaliza na miezi ikapita, kinachobaki ni jina la mwandishi na neno "kizuri".

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu vya Kiswahili hapa Uganda sikubaliani nao. Vyema vimekaa rafuni vinakula vumbi kwa kukosa mtu wa kuvitembeza. Ninayoandika hapa ndiyo tunayoyafanya sisi, watu saba hivi kati ya mji wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, na mtaa wa Kisenyi mjini, pamoja na mmoja aliyehamia Arua, mbali kaskazini-magharibi, na akakataa kuachwa nyuma.

Hatua ya kwanza: taja ukurasa uliofikia

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Kabla hujasifu wala kuponda, sema: "Niko ukurasa wa 84 kati ya 210." Mwenzio atajua ayapime vipi maneno yako. Sifa za ukurasa wa 20 ni za mtu aliyeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko. Za ukurasa wa 150 ni za mtu aliyekwisha kumega matonge kadhaa, na mfupa ukiwamo keshaukuta.

Nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na riwaya moja ya Kiingereza, nimefika kurasa 50 hivi, nacheka peke yangu kwenye taksi hadi kondakta ananigeukia. Kwa wauza vitabu vya mitumba nikapata nakala ya pili, nikampelekea mama mkubwa. Alikuwa ametoka kumzika mjukuu, nikataka acheke. "Mama mkubwa, hiki kitakuchekesha," nikamwambia, nikarudi kwenye nakala yangu na kuendelea polepole. Ukurasa wa 118 mtoto akafa. Wala hakikuwa kifo cha mstari mmoja, kilichukua sura nzima. Nilipofika hapo, yeye alikuwa ameshapapita siku mbili nyuma.

Jumamosi nilipokwenda Bombo nilikikuta kitabu juu ya meza, kimefungwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, tayari kurudishwa. Hakunigombeza. Aliniandalia chai, akakaa, kisha akasema, "Mwanangu, ungesema tu kwamba hujafika mbali. Ningekungoja."

Hilo la "ningekungoja" ndilo lililonichoma. Siku hizi katika kikundi chetu mtu akianza kusifu bila kutaja ukurasa, tunamkatiza: "Wa ngapi?"

Hatua ya pili: mtafute mtu mmoja

"Kitabu hiki kila mtu akisome" ni maneno ya tangazo. Kila mtu si mtu. Mfikirie mmoja kwa jina lake, uone kama kitabu kinamfaa, na ukishindwa kumpata huyo mmoja basi endelea kusoma kimya kimya, hujachelewa.

Swali linalonisaidia mimi si "unapenda vitabu gani?" Hapo watu hujipamba, atakutajia vitabu vizito ambavyo angependa aonekane anavisoma. Muulize ni kitabu gani kilimshinda, na alikiachia wapi. Jirani yangu mmoja ni fundi cherehani. Aliniambia kitabu kikiwa na watu wengi wenye majina yanayofanana yeye hukitupa, kwa sababu kila baada ya dakika kumi anaingia mteja kupimwa, na akirudi hakumbuki nani ni mke wa nani. Basi nikajua dawa yake ni hadithi fupi: moja aianze akitia uzi sindanoni, aimalize kabla ya kupiga pindo. Amesoma mkusanyiko mzima hivyo, na sasa yeye ndiye anayeniletea mimi.

Uliza pia anasomea wapi na saa ngapi. Anayetoka Bombo kila asubuhi na kukwama kwenye foleni ya Kawempe ana muda mrefu, lakini anasukumwa huku na huku, hataki kitabu cha kilo moja. Anayesoma usiku kwa taa ya sola anahitaji herufi kubwa. Hili la herufi tulidharau, kumbe vitabu vingi vya zamani vinavyouzwa kando ya barabara vimechapwa kwa herufi za kuchosha macho, na mzee wa miaka 60 hatakwambia kwamba haoni. Atakwambia tu kitabu hakina ladha.

Hatua ya tatu: sema lugha yake, na lahaja yake

Hapa nchini jambo hili lina uzito wake. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike hivyo na kifundishwe shuleni. Karatasi ni karatasi. Ukiingia kwenye duka la vitabu Kampala, rafu za Kiingereza zinakuzunguka pande zote, za Kiganda ziko kiasi, na Kiswahili ukikipata ni kona moja, nusu yake vitabu vya kiada. Vingi vimetoka Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo mara nyingi tunazungumza kwa Kiswahili juu ya kitabu kisicho cha Kiswahili. Si kosa, mradi useme mapema: "Kiko kwa Kiingereza, chepesi," au "Kiganda, lakini cha kizamani."

Na hata kikiwa cha Kiswahili, kazi haijaisha. Kiswahili chetu si kimoja. Wanubi wa Bombo wana chao, watu wa Arua wana chao, wenzetu waliokuja kutoka Goma na Bukavu wana chao, na wakikutajia ukurasa wanaweza kukutajia kwa namba za Kifaransa. Kisha unamkabidhi mtu wa namna hiyo riwaya iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Unguja. Katika sura ya kwanza anakutana na shubaka, upenu, dohani na jamvi, mambo ambayo kwao ama hayapo ama yana majina mengine. Haendi kwenye kamusi. Anajiambia, "Kumbe Kiswahili sikijui," na kitabu kinarudi.

Tunachofanya ni hiki. Unaposoma kurasa 20 za mwanzo, weka karatasi ndogo ndani ya jalada. Kila neno lililokusimamisha liandike, na mbele yake maana kwa maneno ya nyumbani. Shubaka: kishimo cha ukutani cha kuwekea taa au vitu vidogo. Upenu: pale paa linapochomoza nje ya ukuta, tunaposimama mvua ikinyesha. Usizidishe maneno kumi. Ukifika thelathini, umeshamwambia msomaji kwamba hiki si kitabu, ni mtihani. Baada ya kurasa 20 mwache aogelee mwenyewe, maana kufikia hapo sikio limeshazoea.

Tafsiri nazo ni mlango. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wengi wetu hatukuwa tumesoma hata mstari wake, kwa kuwa huandika kwa Kiingereza. Mwaka uliofuata riwaya yake iliyotoka mwaka 1994 ikapatikana kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na ghafla kikawa kitabu ninachoweza kumpa mtu ambaye mwanzo nisingethubutu kumpa. Cha kwetu hapa ni utenzi wa Okot p'Bitek juu ya Lawino, mke wa Kiacholi anayemlalamikia mumewe. Aliutunga kwanza kwa Kiacholi, Kiingereza chake kikachapwa Nairobi mwaka 1966, na baadaye Paul Sozigwa akautia Kiswahili kama Wimbo wa Lawino. Ukiwa na Mwacholi mmoja, mwalimu wa Kiingereza mmoja na mtu wa Bombo mmoja, kila mmoja asome kwa lugha yake, kisha mkae. Ubishi wake hauna mfano. Kila mmoja anaamini wenziwe wamedhulumiwa na mtafsiri.

Hatua ya nne: usisifu, soma

"Kinavutia." "Kina mafunzo." "Kinasisimua." Maneno haya yamechoka, yapumzishe. Badala yake chagua ukurasa mmoja umsomee mwenzio kwa sauti. Kama hamko pamoja, mrekodie sauti umtumie kwa WhatsApp. Dakika moja na nusu inatosha. Ikifika dakika tatu watu wanaiacha hadi wapate bando, na bando likipatikana kuna mengine ya kutazama.

Ukurasa gani? Si wa kwanza, huo atausoma mwenyewe. Wala si ule wa kilele. Tafuta pale ulipoacha chai ikapoa. Mara nyingi ni mahali padogo: watu wawili wanapatana bei ya samaki, mama anasuka nywele za binti huku akimficha habari. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa. Ukikosea neno, usianze upya. Sauti inayojikwaa kidogo husikika kama ya mtu, siyo ya redio.

Kisha andika maneno machache chini yake. Huu ni mfano wa ujumbe tunaouita kamili:

"Niko 84 kati ya 210. Kiswahili, chepesi, maneno ya pwani machache. Ni habari ya ndugu wawili wanaogombania mashua ya baba yao. Kinakwenda taratibu hadi ukurasa wa 30, vumilia. Kuna matusi kidogo, usikiache mbele ya watoto. Nimekufikiria wewe kwa sababu ya ile kesi ya shamba lenu. Nikikimaliza Ijumaa, nikuletee?"

Angalia kilichomo: ukurasa, lugha, jambo lenyewe kwa mstari mmoja, kasoro moja, onyo moja, na sababu ya kumchagua yeye. Kasoro usiiache. Mtu akikuta kitabu kinakokota mguu na wewe hukumwambia, hatakuamini tena hata ukimwambia mvua inanyesha.

Hatua ya tano: usimwage mtama

Kanuni yetu ni robo ya kwanza. Kitabu kikiwa na kurasa 200, lolote lililotokea kabla ya ukurasa wa 50 unaweza kulisema. La baada ya hapo limeze. Na usidokeze kwa macho. Kuna mwenzetu ambaye ukimwambia umefika mahali fulani anavuta pumzi, "Mmh… haya, endelea." Huko nako ni kumwaga.

Isipokuwa mambo ya msiba, ukatili na kubakwa. Hayo tunayasema hata yakiwa ukurasa wa 190, kwa sababu ya mama mkubwa.

Hatua ya sita: kukiazimisha bila kukizika

Nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini kitabu cha kuazima kimesomesha wengi. Taabu ni kwamba kina miguu. Unampa Jumatatu, Alhamisi kiko kwa shemeji yake Mukono, mwezi ujao hakuna anayekumbuka. Kwa hiyo kwanza, andika jina na namba ya simu ndani ya jalada kwa kalamu ya wino. Penseli hufutika, nalo jalada la nje huchanika likaenda na jina lako. Pili, weka daftari: jina la kitabu, nani, lini. Watu wanasema daftari linaonyesha humwamini mwenzio. Mimi nawajibu kwamba simwamini hata mimi mwenyewe. Nimewahi kumdai mtu kitabu mwezi mzima kumbe kiko chini ya kitanda changu. Tatu, sharti ni moja: usikiazimishe tena bila kunipigia.

Muda wa kurudisha usiwe tarehe tupu. Tarehe 14 haina maana kwa mtu yeyote. Sema "kabla shule hazijafungwa" au "ukija kwenye harusi ya Jumamosi." Tukio linamkumbusha bila wewe kumsumbua.

Kifunike. Gazeti linatosha kwa jua, ila kwa mvua ya Kampala na mafuriko ya mtaa wa Bwaise tia karatasi ya nailoni juu yake. Kuna kitabu changu kilichopita mafuriko mkobani, kikakauka kikawa kinene kama mkate, na hadi leo ukikifungua kinanuka mfereji.

Kukituma mbali kuna utaratibu wake. Mwenzetu wa Arua tunampelekea kwa basi, kwenye ofisi ya mizigo. Tunakifunga kaveera mbili, kisha boksi au karatasi ngumu, na juu tunaandika jina lake na namba ya simu, halafu jina letu na namba yetu. Mara ya kwanza niliandika jina tu. Kitabu kilifika salama, kikalala ofisini majuma manne kwa kuwa hapakuwa na namba ya kumpigia, naye anangoja, nami namwona mvivu wa kujibu. Chukua risiti, ipige picha, mtumie mpokeaji kabla basi halijaondoka.

Juu ya mafaili ya PDF, nitasema kwa kifupi. Mtu akikutumia kitabu kizima cha mwandishi aliye hai bila idhini, huo si ukarimu. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inailinda kazi kwa uhai wote wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Na waandishi wetu wengi si matajiri. Wapo wanaolipia uchapaji mifukoni mwao na kutembeza nakala kwenye begi. Ukurasa mmoja wa kumwonjesha mwenzio, sawa. Kitabu kizima, mnunulie au muazimishe. Kama mfuko hauruhusu, kuna Maktaba ya Taifa, kuna wauza mitumba wa mjini, na kuna maktaba za vijijini kama ile ya Kitengesa karibu na Masaka, iliyoanza mwaka 1999 kama sanduku tu la vitabu. Sanduku. Mnaweza.

Hatua ya saba: rudi utoe ripoti

Ulisema ukiwa ukurasa wa 84, basi ukimaliza rudi. "Nilikisifia kikiwa katikati. Mwisho umenivunja moyo, mwandishi amechoka." Au kinyume chake. Hakuna aibu. Nimeona watu wakikitetea kitabu ambacho hata wao kimewachosha, eti kwa kuwa walishakisifu. Kubadili kauli kwenye vitabu ni ruhusa, hata ukiwa mzee.

Kwa yule uliyempa, usiulize "umemaliza?" Hilo ni swali la mwalimu, na atakukwepa hata msikitini. Uliza "umefika wapi?" Akikwambia amekiacha, muulize ukurasa, uuandike kwenye daftari, ukichukue kitabu chako kwa amani. Ukurasa aliouachia utakusaidia kumchagulia kinachofuata.

Kama kitabu ni kimoja na mna hamu wawili

Kuna njia ya mwisho, nayo haifai kwa kila nyumba. Mnakisoma kwa zamu. Mimi na wifi yangu tunakaa nyumba moja, na sasa hivi tuna riwaya moja. Yeye anasoma mchana mtoto akilala, mimi usiku. Tumekata vipande viwili vya kitenge kuwa alamisho: chake kijani, changu cha njano. Anayechukua kitabu haondoi kipande cha mwenziwe. Anayefika mwisho wa sura anakirudisha juu ya kabati la vyombo, hata kama sura imekatikia pabaya. Hakuna kuulizana wala kuguna.

Majuma mawili ya mwanzo njano ilikuwa mbele, na nakiri nilikuwa napita jikoni na uso wa mtu anayejua jambo. Juzi Alhamisi mtoto alikuwa na homa kidogo, akalala sana. Usiku nilipokifungua kitabu, kijani kilikuwa kimenipita, na si kwa kurasa mbili tatu.

Asubuhi alinimiminia chai bila kuniangalia.

"Wifi, uko wapi?" akaniuliza.

"Wa 131."

"Aa," akasema, akachukua beseni akaenda kuanika nguo.